Jinsi Nilivyomsaidia Wivine Kuchagua Ghala la Java

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025

Mjukuu wangu Wivine ameteuliwa kuongoza kazi kubwa kuliko zote za kompyuta katika mji huu wa Lubumbashi, na kila anachokijua nilimfundisha mimi.

Si kweli. Hajateuliwa. Na nilimfundisha baiskeli tu. Alianguka mbele ya kanisa, padri akatoka nje kuuliza nani anachinjwa.

Lakini ndivyo nilivyomwambia Chishimba asubuhi hii. Alinichokoza. Chishimba ni jirani yangu hapa Kamalondo, ukuta wetu ni mmoja, na tena ni shemeji yangu: alioa binti wa baba yangu mdogo. Mke huyo ni marehemu sasa. Aliteseka vya kutosha. Chishimba ni mtu wa mgodi, wa Kipushi. Ukimsikiliza utadhani shaba yote ya dunia aliibeba begani. Mimi ni mtu wa reli. Bila sisi shaba yake ingekuwa imelala Kipushi mpaka leo. Ubishi huu tunao tangu siku tulizokuwa na nywele.

Basi, akaweka viwiko juu ya ukuta. Mjukuu wake Gauthier anafanya kazi ofisi moja na Wivine, kule mtaa wa Golf, wote wawili wanaandika programu kwa Java, lugha ya kompyuta. Akasema Gauthier ndiye atakayeongoza kazi ya mutuelle, chama chetu cha kusaidiana. Akasema sisi watu wa train tumezoea kufika wakati wengine wamekwisha kula. "Minakusikilia huruma, shemeji."

Huruma yake aipeleke Kipushi. Nikamjibu kwamba mambo yamekwisha, Wivine alipewa kazi jana. Jana ilikuwa Jumapili, ofisi imefungwa. Hakuona. Alirudi ndani akiburuta kandambili zake. Asubuhi nzuri sana.

Sasa ukweli wenyewe, kama Wivine alivyonieleza mbele ya bukari, ugali wetu. Mutuelle ya familia zilizotoka Mitwaba, sisi tunaosaidiana kwenye vilio na ndoa, inataka kila mwanachama awe ndani ya mashine. Programu peke yake haina kumbukumbu. Umeme ukikatika, imesahau bantu bote. Kwa hiyo kuna ghala la kuwalaza watu, wao wanaliita base de données, na shida ni moja: programu izungumze na ghala kwa njia gani?

Njia mbili. Wivine anataka kuandika maombi yake kwa mkono, kwa lugha ya ghala inayoitwa SQL: niletee fulani, jina lake, mtaa wake, basi. Gauthier anataka Hibernate. Hibernate ni kama karani anayesimama mlangoni mwa ghala. Unamwambia "Musonda," karani anaandika ombi mwenyewe, anaingia, anakuletea Musonda mzima amevaa na viatu. Madame Martine, mwenye ofisi, ataamua Ijumaa mbele ya kamati ya mutuelle. Mwenye njia itakayoshinda ndiye ataongoza kazi.

Mimi niko upande wa Wivine. Si kwa sababu ya damu. Nimefanya kazi na makarani wa stoo. Unaomba misumari, wanakuletea kikombe, na unaweka sahihi.

Akaniambia pia jambo moja la kupendeza. Hibernate ukimpa amri mbaya, ukamwambia kila muntu aje na ndugu zake wote kwa mara moja, mashine inakosa pumzi. Aliona hivyo kwenye kampuni moja. Walifungua jina la dereva mmoja, wakaenda kunywa chai, wakarudi, dereva bado anakuja.

Nimeliweka jambo hilo mfukoni.

Jumapili ni Pentekoste. Chishimba ataniuliza mbele ya kanisa zima. Wivine lazima ateuliwe kabla ya hapo.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimekuwa mtaalamu.

Madame Martine aliomba mzee wa kueleza koo zetu, nani ni nani kwa nani, ili vijana wajue namna ya kupanga ghala. Kamati ilikuwa na mzee anayejua kuliko mimi, lakini yeye yuko Mitwaba kwenyewe, na barabara ya kutoka huko wote tunaijua. Wakanichukua mimi. Nilivaa koti la ndoa. Huguette, mke wangu, akauliza kama ninaenda kuoa mashine. Mwanamke huyu kila kitu ni kuoa.

Golf kuzuri. Kimya, maua, mbwa wanaobweka kwa adabu. Ofisini wana viti vinavyozunguka. Nilizunguka kidogo. Madame Martine akaniita "papa Rigobert, expert wetu." Nikaacha kuzunguka.

Halafu Wivine akaitwa kwenye simu. Nikabaki peke yangu na adui.

Gauthier ni mutoto muzuri, lazima niseme. Anasalimia kwa mikono miwili. Anaogopa wazee kama sisi tulivyoogopa masista. Akaniuliza taratibu, akiniita babu kwa adabu ya kwetu: "Kambo, kule kwetu, ukiita muntu, bandugu yake bakuye naye pamoja, ao bangoye mpaka tutabaita?"

Mwenyewe! Alinifungulia mlango mwenyewe. Nilifanya uso wa mtu anayepokea ekaristi. Nikamwambia: hakuna kungoja, waje wote, kwa mara moja. Nikamwambia kwetu kumwita mtu peke yake ni kumtukana, hata polisi wakikuita unaenda na shangazi. Akaandika. Akauliza tena: na watoto? Wote. Na wajomba? Hasa wajomba. Aliandika mpaka jasho likamtoka, na huu ni mwezi wa baridi.

Swali la pili lilikuwa la kweli, na nilijibu kweli, na naapa hapa hakukuwa na hila. Aliuliza baba wa Mulenga ni nani. Mulenga ni mtoto wangu. Nikasema: mimi. Lakini Mulenga alimpa mtoto wake jina langu, Rigobert, na kwetu anayebeba jina lako ni wewe. Mulenga anamwita huyo mdogo "tata," yaani baba. Anamsalimia kwanza asubuhi. Huguette anamwita "bwana yangu," na anampa nyama kuliko mimi. Kwa hiyo baba wa Mulenga ni wawili, mimi na huyo mwenye miaka minne.

Gauthier alisita. "Kambo, huyu mudogo njo mutoto ya Mulenga, na tena njo baba yake?" Nikamuuliza yeye alisomea wapi mambo ya kwao. Akaona haya. Akaandika.

Wivine aliporudi akauliza tulizungumza nini. Nikasema: mila.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nimeimba tangu asubuhi. Huguette anasema nikiimba kuna mtu ameumia mahali. Nimeacha kuimba. Nikapiga mluzi.

Chishimba alikuja ukutani na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Akasema Gauthier alirudi nyumbani akinisifu, kwamba kambo Rigobert ana kichwa kama maktaba ya askofu. Akasema anashangaa, miaka yote hii hakukiona hicho kichwa, pengine kilikuwa chini ya kofia. Nikachukua munkoyo. Tamu kabisa. Dhamiri ilinichoma kidogo, kwenye goti la kushoto, lakini pengine ni baridi.

Akauliza: kama Wivine ameshateuliwa, mbona Gauthier bado anaandika usiku na mchana? Nikamwambia ni mazoezi.

Jioni, bukari mbele yangu, nikajaribu kumwandalia Wivine hotuba ya Ijumaa. Nilikuwa na maneno makali juu ya Hibernate: mnene, mvivu, hajui njia, anakula memory ya watu. Aliyasikiliza yote huku anapepeta mchele wa kesho. Halafu akaharibu. Akasema Hibernate si mubaya. Akasema kuandika kila ombi kwa mkono kunachosha, ni kama kuosha sahani ileile mara mia, ukisahau safu moja siku yako imekwisha. Akasema kila chombo kina kazi yake, na ukichagua moja kwa ajili ya heshima yako tu unatafuta matatizo.

Nikamwambia mtu aliye vitani hasifu bunduki ya adui. Akaniambia hakuna vita. "Bwana yangu, Gauthier ni ndugu. Kula, bukari inapoa."

Ananiita bwana yangu kama mjukuu wa kike anavyopaswa, mimi namwita muke wangu, na Huguette anatuita wajinga wawili. Kwa kawaida nafurahi. Leo nilitamani mke mwenye hasira zaidi.

Si kitu. Mtego umewekwa. Ijumaa Gauthier ataita jina moja, Mitwaba nzima itaingia ndani ya mashine ikakosa pumzi, na Wivine atasimama na SQL yake kama malaika. Sihitaji hotuba.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimekwisha.

Naandika pole pole kwa sababu mwiba wa bitoyo, samaki wa chumvi, bado uko kooni. Ulikwama Wivine aliposema habari yake. Huguette alinipiga mgongoni zaidi ya ilivyohitajika.

Habari ni hii. Wameungana. Wivine na Gauthier walikaa leo, wakaona hakuna sababu ya kupigana, wakaenda pamoja kwa Madame Martine. Hibernate ya Gauthier itatumika kuingiza watu na kuwabadilisha mmoja mmoja. SQL ya Wivine itatumika kwa ripoti kubwa. Na Gauthier mwenyewe akasema hawezi kusema mbele ya kamati, wazee wakimtazama ulimi unakuwa kama soksi. Akaomba Wivine ndiye aonyeshe kesho. Madame Martine akakubali: kesho ikienda vizuri, Wivine ataongoza kazi. Ikienda vibaya, atachukua mtu kutoka nje, na wote wawili watabaki chini yake.

Wivine alisema haya akicheka, macho yanang'aa. Akasema ni mara ya kwanza mtu anampa kazi ya kuongoza. Kila mara anapewa kusahihisha makosa ya walioondoka.

Na kesho atasimama juu ya kitu nilichokitia sumu mimi.

Ningeweza kumwambia. Sentensi moja tu. Nilifungua mdomo, nikasema nimeota ndoto. Akauliza ndoto gani. Nikasema karani wa Gauthier aliingia katika parsele yetu, humu uani, na watu wote wa Mitwaba, sahani hazikutosha. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akaenda kumsimulia Huguette. Huguette hakucheka. Alinitazama.

Nikaenda ukutani nikamwita Gauthier. Nikamwambia nimefikiri tena, ndugu si lazima waje wote kwa pamoja, wanaweza kungoja hata nje. Alitabasamu kama mtakatifu. Akasema anaona ninampima kama ataacha mila kwa urahisi, na hataacha. Ameandika kama nilivyosema. Hakuna neno lililobadilishwa. Na sasa kazi imefungwa, Madame amekataza mtu kugusa mpaka kesho.

Nikauliza kama waliijaribu. Akasema ndiyo, kwa watu wa kubuni aliowaandika mwenyewe, kila mmoja ana baba mmoja. Watu wa kweli waliingizwa leo jioni.

Nina mpango. Kesho nitakaa mbele, na jina lolote likiitwa, lisiwe la nyumba yangu.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Naandika yote kwa utaratibu kabla Huguette hajaanza kuyasimulia vingine.

Kamati ilikuja yote, wamevaa kama ubatizo. Chishimba naye, kwa sababu anawakilisha Kipushi, upande wa marehemu mkewe. Alikaa karibu nami akaninong'oneza kwamba kwa mtu aliyeteuliwa tangu Jumapili, Wivine anatetemeka sana. Nikamwambia ni baridi.

Wivine alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, halafu ikakua. Akaeleza ghala, akaeleza karani, akaeleza SQL, wazee wakaitikia kama wanaelewa. Akafungua jina la kwanza, Ngosa, wa Kipushi. Familia ndogo, Mungu ni mwema. Ngosa akaja. Nyuma yake mke. Nyuma yake watoto, kaka, wajomba. Polepole, lakini walikuja, na kamati ikafurahi kuliko nilivyotegemea. Walianza kuwasalimia kwenye kioo cha mashine. Mama mmoja akasema mashine hii ina adabu, haimtoi muntu peke yake. Gauthier alinitazama kwa shukrani. Nilitazama viatu vyangu.

Nilidhani tumepona. Nikaanza kupiga makofi, ili mambo yaishe. Wachache wakanifuata.

Chishimba akainua mkono. Akasema kwa kuwa shemeji Rigobert yuko hapa, na ndiye aliyefundisha mashine, tuone jina lake.

Nikasimama. Nikasema mimi ni mtu mnyenyekevu. Chishimba akakohoa. Nikasema jina langu halijisikii vizuri leo. Nikapendekeza tumfungue Chishimba, mtu mkubwa, mtu wa shaba. Kamati ikasema hapana, Rigobert, Rigobert. Wivine alinitazama kidogo, kama mtu anayesikia harufu jikoni. Halafu akaandika jina.

Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo.

Likazunguka. Watu wakanywa Fanta. Likazunguka. Mwenyekiti akauliza nimekwenda wapi. Nikasema nimekwenda Mitwaba, barabara ni mbaya. Walicheka, asante Mungu, walicheka sana. Likazunguka. Hawakucheka tena. Madame Martine alianza kugonga meza kwa kalamu.

Kioo kikawa cheupe, na maandishi mekundu yakateremka kama mvua ya Desemba.

Wivine aliyasoma mpaka mwisho. Halafu akaeleza kwa sauti ya chini: karani amewaleta wote, na programu ilipoanza kuwaandika kwenye kioo, ilimwandika Rigobert na mtoto wake Mulenga, na Mulenga na baba yake Rigobert mdogo, na Rigobert mdogo na baba yake Mulenga, na Mulenga na baba yake, na kuendelea, mpaka nafasi ikaisha. Akamgeukia Gauthier. Nani aliandika kwamba mtoto wa miaka minne ni baba wa Mulenga?

Kabla Gauthier hajafungua mdomo, kamati nzima ikajibu: "Lakini njo baba yake!"

Ugomvi ukaanza hapo. Mwenyekiti akasema yeye mwenyewe anaitwa tata na baba yake mzazi, na hajawahi kuona maandishi mekundu. Mwingine akasema mashine ndiyo haijafundishwa. Mama yule wa adabu akasema mtoto wa jina lazima awe ndani kama baba, la sivyo kwenye kilio atawekwa wapi? Walisahau ofisi. Walisahau Madame Martine. Alikuwa anatazama saa na mlango, kama mtu anayefikiria yule wa kutoka nje.

Nikamwona Wivine anaona hilo.

Hakulia. Alivuta kiti, akafungua dirisha jeusi kwenye kioo, akaandika kwa mkono, herufi kwa herufi, mbele ya wote. SQL. Niletee Rigobert wa Kamalondo na watoto aliowazaa tu. Akagonga.

Nikatokea. Papo hapo. Mimi, Mulenga na dada zake, tumesimama kwenye kioo kama picha ya harusi.

Kamati ikageukia kioo. Wivine akawaambia wana haki: baba wa jina ni baba. Lakini ana kiti chake. Baba wa kuzaa tutamweka mahali pake, baba wa jina mahali pake, na mashine ijue tofauti. Na ndugu watangoja, kila mmoja atakuja akiitwa. Mwenyekiti akanung'unika kwamba kungojesha ndugu ni dharau. Mama wa adabu akamwambia: "Tata, hata kwako bandugu banangoyaka nje mpaka chakula inaiva. Nani iko na dharau?"

Kicheko kikubwa. Kwisha. Gauthier akasahihisha pale pale, Wivine akimwonyesha. Wakafungua jina langu tena kwa njia ya karani. Nikaja peke yangu, nimetulia, nikingoja kuulizwa habari za nyumbani.

Madame Martine akasema Hibernate inabaki kwa kazi ya kila siku, maombi ya mkono yanabaki kwa ukoo na ripoti, na kazi itaongozwa na mtu anayeweza kusimama wakati moto unawaka. Akamtazama Wivine.

Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Nasema tu.

Gauthier alinishika mikono yote miwili mlangoni. Alisema anajua niliwapima, kwamba bila mimi kosa lingetokea mbele ya wanachama wote. Nikamwambia kwamba wazee tuna njia zetu.

Wivine alikuwa nyuma yake. Alisikia yote. Kwenye teksi hakusema kitu, mpaka Kamalondo.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Amesema.

Tulikuwa tunachambua maharage. Akaanza kwa upole, na mjukuu akianza kwa upole shika kofia yako. Akasema: Jumatatu nilikuambia kwamba kuleta ndugu wote kwa mara moja kunaua mashine. Nikasema pengine. Akasema: Jumanne ukamwambia Gauthier alete ndugu wote kwa mara moja. Nikasema mzee anasahau. Akasema mzee huyu hasahau nani alikula paja la kuku wake wakati wa ubatizo wa Mulenga.

Ni Chishimba aliyelila. Lakini hapakuwa mahali pa kulisema.

Nikajitetea. Nikasema lilikuwa pendo. Akasema anajua. Akasema ndiyo sababu hajamwambia Gauthier, wala kambo muke, Huguette wangu, ingawa kambo muke alijua tangu Jumatano kwa wimbo. Halafu akasema jana, duara lilipokuwa linazunguka, alifikiri atarudi kusahihisha makosa ya watu mpaka uzee. Alisema bila kelele. Maharage mawili yakaanguka nikayaokota.

Halafu akatoa hukumu. Kazi inaendelea, bado kuna mambo mengi ya kupanga: ndoa, mapacha, wafu. Wanahitaji mzee kila Jumanne. Amemchagua mzee mwingine.

Nikauliza nani. Alikuwa ameshaweka mkono mdomoni kuzuia kicheko.

Chishimba.

Mtu wa Kipushi. Mkwe tu. Hajui hata ukoo wa upande wa nyanya yangu. Atazunguka kwenye kiti changu. Nikamwambia Wivine hii ni talaka. Akasema sawa, atarudisha mahari, na maharage yaishe kabla ya saa sita.

Jumapili, tarehe 8 Juni, Pentekoste

Misa ndefu. Padri alisema juu ya ndimi za moto, nikafikiria maandishi mekundu.

Nje, Chishimba alinijia mbele ya watu wote. Nilikuwa tayari: nikawatangazia kwamba Wivine anaongoza kazi, kama nilivyosema tangu Jumatatu, na kweli ilikuwa kweli. Lakini hakuja kwa hilo. Akaja amevaa tai, na siku yake ni Jumanne! Akatangaza kwamba yeye sasa ni expert wa Golf. Watu wakampongeza. Mama mmoja akamwombea.

Nimejifunza somo langu wiki hii, nalisema kwa moyo wote. Sitagusa tena kazi ya Wivine.

Lakini Chishimba baadaye akanivuta pembeni, sauti ya chini. Anaogopa. Gauthier amemtumia swali la kwanza, la kutafakari kabla ya Jumanne, naye hajui mambo ya kwetu. Anataka shemeji amsaidie. Swali ni hili: mwanachama akifariki na jina lake likafutwa ndani ya ghala, karani aache watoto wa marehemu, ao awafute naye pamoja?

Mimi sikusema kitu. Naapa. Nilimuuliza tu swali: kule kwenye kambi ya mgodi, mfanyakazi akiondoka, jamaa zake walibaki ndani ya nyumba?

Uso wake ukawaka. "Ah hapana. Bote banatoka. Mama, batoto, bakuku, kila kintu."

Nikamwambia basi ana jibu tayari, na ni jibu la mtu aliyeishi. Akaliandika kwenye kiganja cha mkono: wafutwe wote. Alinishukuru. Alikuwa na furaha sana hata nikaona aibu kuiharibu.

Wivine ataligundua. Ni hodari. Na asipoligundua, lazima kwanza mtu afe, na mimi sina mpango huo. Chishimba ndiye anayekohoa.

Kitu kimoja tu. Jumanne akienda huko, shemeji Chishimba, ambaye leo kanisani nilimshikia nafasi kwenye benchi kwa kofia yangu na akaikalia, na hakuomba samahani, aniletee biskuti mbili za kahawa wanazoweka kwenye sahani ya wageni. Zile zenye sukari juu. Mbili tu, ndani ya mfuko wa koti, wasimwone.